Redio Haingoji Jibu

Baba yangu alipopigwa na kiharusi, ulimi ndio uliotangulia kuondoka. Mkono wa kulia ukafuata, mguu ukafuata, mdomo ukaenda upande, lakini hivyo vingine mtu angevivumilia. Ulimi, hapana. Huyu alikuwa mtu ambaye kisiwa kizima cha Bwejuu kilimjua kwa maneno. Alikuwa msukaji wa madema, ile mitego ya fito tunayotegea samaki, na kibanda chake hakikukosa watu. Wala hawakuja kwa ajili ya madema, walikuja kumsikiliza. Mtu akipita amenuna, baba atamwita, "We, nani kakumwagia mchuzi?" Hata imamu hakusalimika.

Mimi nilikuwa Kilindoni, ng'ambo ya maji, chuoni, nasomea upishi wa hoteli. Tulimuuguza hospitali, akarudishwa nyumbani Bwejuu, nami nikarudi darasani kwa sababu mama alinifukuza. "Nenda kasome," alisema. "Kukaa hapa unamtazama hakumponyi." Basi nikawa napiga simu. Mama anamwekea baba simu sikioni, mimi nasema, "Shikamoo baba," halafu nasikia pumzi. Pumzi tu, kisha "aa, aa," kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa nje. Alikuwa anaitafuta marahaba. Neno alilokuwa akinipa tangu nimejua kusema, analitafuta halipati, anaanza kulia. Baba analia kule, mimi nalia barazani pa bweni, wenzangu wanapita na ndoo zao za maji wananitazama.

Ilipotokea hivyo mara kadhaa, mama aliichukua simu akaniambia, "Mwanangu, usimpigie tena. Unamtesa."

Niliudhika, sifichi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na maneno mengi nimeyarithi kwake baba. Nilimwona mama kama ananifungia mlango wa nyumbani kwetu. Nilinuna siku kadhaa, sikumpigia yeye wala yeyote, mpaka mwenyewe akanitafuta. Tukaongea habari za unga na za mwani wake aliouanika, halafu akasema, kama mtu anayepitisha tu maneno, "Baba yako siku hizi anasikiliza hiyo redio yenu kutwa. Yule wa mambo ya injini anamchekesha."

"Anacheka?"

"Anacheka. Upande mmoja, lakini anacheka."

Chuo chetu kilikuwa na redio yake, na redio yenyewe iliendeshwa na sisi wanafunzi. Studio ilikuwa stoo ya zamani ya viti vibovu. Ukutani tulibandika trei za mayai ili sauti isirudi, mlangoni tukapigilia godoro, na feni ilizimwa wakati wa vipindi kwa sababu ililia, kwa hiyo mtangazaji alitoka ametota jasho kama aliyetoka kupakua mizigo bandarini. Mlingoti ulikuwa juu ya mnara wa tangi la maji. Walimu walituachia wenyewe. Kila anayetaka alipewa saa yake, na ndani ya saa hiyo hakuna wa kumwambia piga hiki, acha kile. Ukifungua redio yetu hukujua utakutana na nini. Mmoja anapiga kwaya za kwao, akitoka anaingia mwenzake na taarabu, kisha yule wa ufundi magari anaeleza namna ya kufungua injini ya boti, bila muziki hata tone, na watu wa Ndagoni wakampenda kuliko sisi wote. Binti mmoja aliweka wimbo akalala. Wallahi alilala, na kisiwa kizima kikamsikia anakoroma.

Kitu kimoja tu tulikatazana: hewa isikae kimya.

Usiku ule baada ya kuongea na mama sikuweza kutulia, nikawa nawaza, jamani, mbona hili sikuliona? Redio haingoji jibu. Mtu wa simu anakungoja umjibu, na ukishindwa, wote wawili mnaumia. Redio inasema yenyewe. Wanaoisikiliza hawana la kuijibu, mzima na mgonjwa ni mamoja. Mbele ya redio baba yangu hakuwa mtu aliyekosa ulimi. Alikuwa msikilizaji kama wasikilizaji wengine.

Kesho yake niliomba saa ya kwanza ya asubuhi, saa moja mpaka saa mbili, kabla ya masomo. Hakuna aliyekuwa akiitaka, nani aamke? Nikapewa papo hapo.

Kipindi changu hakikuwa na jina wala mpango. Nilikuwa naongea. Nimegombana na muuza chapati aliyenipa chapati mbichi katikati, nasema. Mwalimu wetu wa mapishi kaunguza wali mbele ya darasa zima akatuambia ndivyo unavyopikwa Ulaya, nasema. Katikati naweka wimbo, ninywe maji, niendelee. Wasikilizaji walidhani nawaongelesha wao, na kweli niliwaongelesha, lakini mimi nilijua nazungumza na nani. Nilikuwa nimekaa pale kibandani kwake, yeye anasuka, mimi namletea umbea wa mjini.

Nilifungua kila siku kwa kusema, "Shikamoo mzee wangu," halafu nanyamaza kidogo. Nilimpa nafasi aitikie kwa jinsi yake. Wazee wa Miburani wakadhani nawaamkia wao. Nikipita sokoni mzee ananiambia, "Mjukuu wangu, marahaba ya asubuhi ile ndiyo hii, sikupata pa kuipeleka." Nacheka, naipokea.

Aliyekaa mitamboni katika kipindi changu alikuwa kijana wa Njombe, mwanafunzi wa umeme, mrefu, mpole, mwimbaji wa kwaya kanisani. Yeye ndiye aliyeshika simu ya studio pia, simu ambayo wasikilizaji walipiga na kutuma ujumbe. Siku za mwanzo kile kimya changu kilimkera. Ananionyesha mkono kwenye kioo, kimya hicho! Kipindi kilipokwisha akanifuata. "Dada, unaacha hewa tupu. Watu watadhani tumezimika."

Nikamjia juu. "Saa ni yangu au yako?"

"Yako."

"Basi niachie kimya changu."

Halafu nikamwona ameumia, nikamweleza. Nilimwambia habari yote, ya baba, ya simu, ya mama kunikataza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na tangu siku ile hakuinua mkono tena. Nikisema shikamoo, yeye mwenyewe anaacha kugusa vitufe, anainamisha kichwa kidogo, mpaka niendelee. Tukawa marafiki kwa njia hiyo.

Mama naye akajitungia ishara yake. Baada ya salamu yangu alikuwa anaibipu simu ya studio, inalia mara moja anakata, maana yake baba yuko macho na amesikia. Rafiki yangu ananyanyua simu ile kwenye kioo anaitikisa nione. Hapo ndipo kipindi changu kilipoanza kweli.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mimi na baba, miezi kadhaa. Mama aliniambia baba anaamshwa na kuketishwa mapema, ananyooshewa shuka, redio inawekwa dirishani penye kunasa vizuri, na ole wake atakayepita mbele yake akipiga kelele. Nilipokwenda kumtembelea alinishika mkono kwa mkono wake mzima, akaelekeza redio, akanielekeza mimi, akacheka upande mmoja. Sijawahi kusifiwa vile na mtu yeyote.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya bamvua, wakati ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Ukiishi pwani hayo huyafikirii, ni kama kujua leo ni Jumanne. Alfajiri bahari inakuwa imejaa mpaka kwenye kuta za bandari. Jua likianza kuwaka maji yamekwenda zake huko mbali, na mashua zilizochelewa kuondoka zimekaa mchangani zimelala ubavu. Anayetaka kuvuka kwenda Bwejuu siku kama ile anaondoka mapema, au anangoja mchana maji yarudi.

Niliingia studio nikakuta rafiki yangu anamaliza kuongea na simu. Nikamsalimu, akaitikia bila kunitazama. Nikajisemea kaamkia upande mbaya wa kitanda leo huyu. Nikavaa spika za masikioni, nikafungua kipindi. "Shikamoo mzee wangu." Nikanyamaza.

Upande wa pili wa kioo alikuwa ameinamisha kichwa, kama kawaida yake, ila safari hii hakukiinua.

Nikangoja simu itikiswe. Haikutikiswa. Nikamwonyesha kwa nyusi, vipi? Akatikisa kichwa. Nikadhani baba amepitiwa na usingizi. Nikaanza kumchokoza hewani, mimi na mdomo wangu! "Naona kuna mtu leo kalala mpaka jua limemkuta. Na Bwejuu nzima leo mna nini? Hakuna ujumbe, hakuna salamu, mmekula nini jana?" Nikacheka peke yangu. Nikamsimulia juu ya dema nililoliona sokoni, limesukwa ovyo, macho yake makubwa hata mbuzi angepita akatoka. Nikamwambia aliyelisuka anastahili kuletwa kwake achapwe. Nikamwambia Ijumaa ninakuja, nitamnyoa ndevu, asijifanye amelala. Nikaweka wimbo aliokuwa akiuimba kibandani, nikauimba pamoja nao, vibaya. Nilikuwa nimechangamka siku ile. Kilikuwa kipindi changu kizuri kupita vyote nilivyofanya.

Saa mbili ilipofika nikavua spika, nikatoka nikicheka. Alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wangu mkononi. Wimbo ulipokuwa ukipigwa alikuwa amekimbia bwenini kuwaomba wenzangu wanifungashie nguo.

"Twende kwenu," alisema. "Baba anaumwa kidogo."

Kwetu mtu hapewi habari ya kifo kwenye simu. Anaambiwa anaumwa kidogo, njoo nyumbani. Anayeletewa habari hiyo anajua, na anayeileta anajua kwamba anajua, lakini mnashikana mkono na huo uongo mpaka mfike. Sikulia. Nilimuuliza, "Umepigiwa saa ngapi?"

"Kabla hujaanza. Ni baba yako mdogo. Amesema nikulete, nisikwambie kitu."

"Kabla sijaanza?"

Nilitupa mkoba chini, nikakimbia.

Nilikimbia kutoka chuoni mpaka bandarini, kanga imenidondoka njiani sijui wapi, watu wananiuliza kuna nini siwajibu. Nilipofika niliona mchanga. Mchanga mtupu, mrefu, unang'aa, na mashua zimelala juu yake. Za asubuhi zilikuwa zimeshaondoka na maji. Nikamwendea nahodha mmoja aliyekuwa amekaa ubavuni mwa mashua yake, nikamshika kanzu, "Baba, nivushe." Akanitazama akaelewa. "Binti yangu," alisema, "nikuvushe na nini? Labda wakati wa Adhuhuri maji yatakuwa yamerudi. Saa ile moja ningekupeleka, wallahi, hata bila kuniomba."

Rafiki yangu alinifikia anahema. Nikamgeukia. Sijui yote niliyomwambia, lakini nakumbuka nilipiga kelele mpaka wabeba mizigo wakasimama. "Ungeniambia! Ungenitoa mle ndani!"

"Nilitaka umalize kuongea naye," alisema.

"Naye nani? Na maiti?"

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilijua watakungoja. Saa moja tu. Nikasema muache aseme naye, hatapata tena nafasi hiyo. Si watakungoja? Wewe si mtoto wake?"

Hapo ndipo nilipomwelewa, na kumwelewa kwenyewe kulinichoma kuliko ile hasira. Kwao wanangoja. Kwao marehemu anahifadhiwa mpaka watoto wafike kutoka Mbeya, kutoka Dar es Salaam, kutoka popote, na hakuna jeneza linaloshushwa mtoto hajamwona mzazi wake. Alinisimulia babu yake alivyokaa mochwari wiki nzima akimngoja shangazi mmoja tu. Kwetu Waislamu maiti anaharakishwa. Aliyekufa alfajiri, Adhuhuri anasaliwa, na ikipita hapo ameshalala kaburini. Baba mdogo aliposema mlete, hakuona haja ya kusema mlete sasa hivi. Angelisemaje? Kwake hakuna mlete mwingine. Na huyu aliyeambiwa alinipa kitu kizuri alichokuwa nacho, akanipa saa yangu.

Nilimwambia, "Wanazika Adhuhuri."

Akakaa kwenye mchanga palepale akashika kichwa.

Tulingoja pamoja, yeye huku mimi kule, tukitazama maji. Ndipo ile hali ya Bwejuu kunyamaza ikanijia akilini. Kukiwa na msiba, redio huzimwa. Si ya wafiwa tu, jirani pia anazima, na jirani wa jirani. Kisiwa kidogo kile kilikuwa kimezima redio zote kumstahi baba yangu, na mimi nikawa nawauliza wamekula nini.

Tulivuka maji yaliporudi. Tulipokaribia ufukwe niliwaona wanaume wanarudi kutoka upande wa makaburini, wametawanyika, wengine na majembe begani, kanzu zimechafuka udongo magotini. Sikuhitaji kuuliza. Baba mdogo alitujia mpaka majini. Alinishika bega, kisha akampa mkono rafiki yangu akaushika kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante mwanangu kwa kutuletea mtoto wetu," alimwambia. "Mungu akulipe." Yule kijana alianza kulia kwa sauti, mbele ya wanaume wote wale, na wao wakadhani ana huruma nyingi, wakamkalisha jamvini wakampa maji. Sikusema neno. Mpaka leo hakuna nyumbani kwetu anayejua kwamba alikaa na habari ile saa nzima, na baba mdogo hajawahi kuuliza.

Watu huniuliza kama nilirudi redioni. Nilirudi, lakini si saa ile ya asubuhi. Nikachukua mchana, nikawa naweka nyimbo zaidi ya maneno. Rafiki yangu aliomba radhi mara nyingi mpaka nikamwambia akiomba tena nitampiga. Nasema simlaumu. Hapana, namlaumu. Namlaumu na nampenda, na vyote viwili nimeshindwa kuvitoa moyoni. Alimaliza masomo akarudi kwao, na siku aliyoondoka nilimsindikiza uwanja wa ndege tukashindwa kuongea, sisi watu wa redio.

La mama nimelichelewesha makusudi, maana kulisema bado kunanitoa jasho. Nilimkuta chumba cha ndani, amekaa mkekani kati ya wanawake, kanga imemfunika mpaka machoni. Wakanipisha. Nilipiga magoti, nikamshika mikono, ilikuwa baridi.

"Tulikungoja, mwanangu," alisema. "Tulimwacha uso wazi. Wamemaliza kumvika sanda, nikawaambia uso msiufunge, mwanangu yuko njiani. Mashekhe wanasema jua linakwenda, mimi nasema mwanangu yuko njiani. Baba yako mdogo akawarudisha wachimbaji makaburini, ati mwanandani wa kaburi ni mfupi, wakapime tena. Haukuwa mfupi. Alikuwa anakuvutia muda. Tumekungoja mpaka tumeona haya." Aliinua kanga akanitazama. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. "Maji yalikuwa yamejaa tulipopiga. Ulikuwa wapi, mama?"

Wanawake wote walinitazama.

"Nilikuwa nazungumza na baba," nikasema.